Mkataba Ulitiwa Sahihi na Nani?



Kuna neno ambalo limekuwa likitamkwa katika mikutano yetu, katika semina za elimu ya uraia zinazofanyika kwenye kumbi za makanisa, na hata mimbarini, kana kwamba ni neno takatifu lisilopasa kuhojiwa. Neno hilo ni mkataba. Tunaambiwa, na sisi wenyewe tumewaambia wengine, kwamba Katiba ni mkataba kati ya watawala na watawaliwa. Kwamba serikali hupata uhalali wake kwa ridhaa ya wananchi. Kwamba mtawala akiuvunja mkataba huo, wananchi wana haki ya kumwondoa. Nimeyasema hayo mara nyingi, wala sijutii, kwa maana dhidi ya chama kimoja kilichojifanya kuwa ndicho taifa hapakuwa na silaha kali kuliko hiyo. Kifungu cha 2A kilipoingizwa katika Katiba mwaka 1982, na kilipofutwa mwezi wa Disemba 1991, hoja yetu ilikuwa ni ileile: nani aliulizwa?

Siku moja, katika ukumbi wa kanisa huko Bonde la Ufa, baada ya mimi kuhutubu kwa muda wa saa nzima kuhusu mkataba, alisimama bibi mmoja mkongwe aliyekuwa ameketi karibu na mlango. Akaniambia, "Mwalimu, mwanangu, huo mkataba unaousema, sisi tulitia kidole lini? Karatasi ambayo najua baba yangu alitia kidole ni kipande." Watu wakacheka. Mimi nikamjibu majibu ya vitabuni, kwamba mkataba wa kijamii si karatasi bali ni fikra, kwamba ridhaa yaweza kuwa ya kimyakimya. Akaketi. Lakini niliona wazi kwamba hakuridhika, na nikiri kwamba tangu siku ile sijaridhika mimi pia. Makala haya ni jibu ambalo ningepaswa kumpa.

Kwanza tuitazame nadharia yenyewe. Waingereza wawili na raia mmoja wa Geneva ndio wanaotajwa zaidi. Thomas Hobbes, katika kitabu chake cha mwaka 1651, alisema binadamu wasipokuwa na serikali huishi katika vita vya kila mtu na mwenzake, kwa hiyo hukubaliana kumpa mmoja mamlaka yote ili wapate amani. John Locke, aliyechapisha hoja zake mwaka 1689, alisema hali ya asili si mbaya kiasi hicho, ila watu huunda serikali ili ilinde uhai wao, uhuru wao na mali zao, ikishindwa, waiangushe. Jean-Jacques Rousseau, mwaka 1762, akasema utawala halali ni ule wa watu wenyewe wakijitungia sheria. Wote watatu walianza na binadamu walio huru na sawa. Hilo ndilo lililotuvutia. Kwa mtu aliyelelewa chini ya machifu, pasi za kusafiria na amri za Mkuu wa Wilaya, kusikia kwamba hapana binadamu aliyezaliwa na tandiko mgongoni ni kama kusikia Injili.

Swali ni hili: walipoandika "binadamu", walikuwa wakimtazama nani?

Hobbes alipotakiwa kutoa mfano wa watu wanaoishi bila serikali, katika vita visivyokwisha, aliwataja wenyeji wa Marekani, akiwaita washenzi. Kwa Wazungu, hali ya asili ilikuwa fumbo la kufikiria. Kwa watu wengine ilikuwa maelezo ya mahali wanapoishi. Rousseau alikemea utumwa kwa maneno makali, lakini utumwa alioukemea ulikuwa dhana. Wakati anaandika, Waafrika waliokuwa katika mashamba ya miwa ya Wafaransa huko Karibi walitawaliwa na sheria ya kifalme ya mwaka 1685, iliyowahesabu kuwa mali iwezayo kuhamishwa.

Kwa Locke inatubidi tutue kidogo, maana yeye ndiye mwalimu wetu mkuu. Katiba nyingi za dunia hii, na hotuba nyingi za wanamageuzi, zina damu yake. Mtu huyu aliyeandika kwamba hapana aliye na haki ya kumtawala mwingine pasipo ridhaa alikuwa karani wa mabwana waliomiliki koloni la Carolina, na alishiriki katika kuandika katiba ya koloni hilo ya mwaka 1669, ambayo ilimpa kila raia huru mamlaka kamili juu ya mtumwa wake mweusi. Aidha katika miaka ya 1670 alinunua hisa katika kampuni ya kifalme iliyokuwa ikisafirisha watumwa kutoka Afrika Magharibi.

Watetezi wake husema: huo ni unafiki wa mtu, si kosa la nadharia. Mhubiri akiiba, Amri ya Nane haifutwi. Hoja hii ina uzito, nami ningeikubali kama jambo lingekuwa limeishia kwenye mfuko wa Locke. Halikuishia hapo. Ndani ya nadharia yenyewe, katika sura yake ya mali, Locke anafundisha kwamba ardhi huwa ya mtu kwa sababu ameichanganya na jasho lake, kwa kuilima, kuizungushia ua na kuizalisha. Na kwamba ardhi isiyotumiwa kwa namna hiyo ni nyika iliyoachwa bure. Tena mfano wake ni Marekani. Mwindaji na mfugaji wana haki ya paa waliyemwua na maziwa waliyokama, lakini nchi wanayopitia si yao. Mwenye jembe na ua akija, yeye ndiye mwenye mali, na kwa kuwa serikali imeundwa ili kulinda mali, basi serikali itakuwa upande wake. Hapo hapana unafiki wowote. Nadharia inafanya kazi barabara, kama mtego uliotegwa na fundi.

Sasa tuje nyumbani. Mwezi wa Disemba 1899, wanasheria wa serikali ya Uingereza huko London walitoa ushauri kwamba katika himaya ambayo wenyeji wake hawana serikali iliyo imara, ardhi iliyo tupu na isiyokaliwa ni ya Mfalme, naye aweza kuigawa atakavyo. Sidai kwamba mabwana hao walikuwa na kitabu cha Locke mezani. Hawakukihitaji, fikra yake ilikuwa imeshakuwa hewa waliyovuta. Kutokana na ushauri huo zikaja sheria za ardhi za mwaka 1902, zilizowapa walowezi hati za miaka 99, na ile ya mwaka 1915, iliyozirefusha hadi miaka 999 na kulifanya neno "ardhi ya Mfalme" liwakumbatie hata wenyeji waliokuwa wakiishi juu yake. Mwaka 1921 mahakama ikathibitisha kwamba Mwafrika katika koloni la Kenya alikuwa mpangaji kwa hisani ya Mfalme katika shamba la babu yake.

Wapo watakaosema: hayo yalikuwa mabavu tu, mkataba umeingiaje? Umeingia kwa mlango wa mbele. Tusikilize kisa cha Wamaasai, ambacho naona kingefaa kufundishwa katika kila darasa la falsafa ya siasa duniani.

Mwaka 1904 serikali ya himaya iliwataka Wamaasai waondoke katika malisho ya Bonde la Ufa ili njia ya reli na walowezi wapate nafasi. Palifanywa mapatano rasmi, yaliyotiwa alama na Olonana na wazee wengine, kwamba watahamia sehemu mbili, moja kusini na nyingine Laikipia, na kwamba sehemu hizo zitakuwa zao maadamu kabila la Wamaasai lipo duniani. Tuyazingatie maneno hayo: maadamu wapo. Muda huo ulidumu miaka 7. Mwaka 1911 walowezi walikuwa wameitamani Laikipia, na Wamaasai wakatiwa katika mapatano mengine ya kuwahamisha kwenda kusini, juu ya upinzani wa kiongozi wao wa kaskazini, Ole Gilisho. Mifugo na watoto walikufa njiani.

Wamaasai hawakushika mikuki. Walifanya kile ambacho nadharia inamwelekeza mtu mstaarabu kufanya: walikwenda mahakamani kudai kwamba mkataba umevunjwa. Kesi ya Ole Njogo na wenzake iliamuliwa mwaka 1913, hadi katika Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Mahakama ikasema hivi: nchi hii ni himaya, si sehemu ya milki ya Mfalme, Wamaasai si raia wake bali ni watu wa nje wenye mabaki ya enzi yao wenyewe, kwa hiyo mapatano yale hayakuwa mkataba wa kawaida bali yalikuwa maafikiano baina ya dola na dola, na mahakama haina uwezo wa kuyasikiliza.

Msomaji aone ustadi wa dhuluma hii. Mwaka 1899, ilipotakikana ardhi, wenyeji hawakuwa na dola, ndiyo maana ardhi ikawa ya Mfalme. Mwaka 1913, walipotaka haki, ghafla wakawa na dola, ndiyo maana hawakuweza kumshtaki Mfalme. Walikuwa na enzi ya kutosha kuweka kidole, bila kuwa na enzi ya kutosha kudai kilichoandikwa juu ya kidole hicho. Hata Ahabu alipolitamani shamba la mizabibu la Nabothi, Yezebeli alitafuta angalau mashahidi wa uongo. Hapa hapakuhitajika mashahidi, sheria yenyewe ilitosha.

Ni mwaka 1997, wakati sisi hapa tulipokuwa tukidai mageuzi ya Katiba kabla ya uchaguzi, ambapo mwanafalsafa mweusi aliyelelewa Jamaika, Charles W. Mills, alichapisha huko Marekani kitabu chembamba kiitwacho The Racial Contract, yaani Mkataba wa Rangi. Mills alifariki mwaka 2021. Alikuwa amejifunza kutoka kwa Carole Pateman, aliyeonyesha mwaka 1988 kwamba chini ya mkataba wa kijamii kuna mkataba mwingine uliowaweka wanawake chini ya waume. Mills akasema: vivyo hivyo kwa rangi. Wanafalsafa wametusimulia habari za mkataba wa watu wote ambao haujawahi kuwapo, wakanyamaza kuhusu mkataba wa watu wachache ambao umekuwapo kwelikweli. Huo ni mwafaka baina ya Wazungu wa kutambuana kuwa binadamu kamili, na kuwatambua wengine kuwa nusu binadamu, ambao ardhi yao, kazi yao na miili yao yaweza kutumiwa bila ridhaa. Nao una sheria zake, mahakama zake na tarehe zake.

Tena Mills akaongeza jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: mkataba huo ni wa kutojua pia. Walioutia sahihi walikubaliana kutoona. Ndiyo maana mwanafunzi aweza kusoma falsafa ya siasa kwa miaka mingi, akapewa shahada, asikutane na Carolina wala Laikipia hata katika tanbihi. Mimi mwenyewe nilimsoma Locke chuoni na nikafaulu mtihani. Habari za hisa zake niliziona nikiwa nimekwisha kuwa mtu mzima mwenye mvi.

Marekani ndiko mkataba huu ulikoandikwa bila haya. Katiba ya mwaka 1787, inayoanza kwa kuwataja watu wa nchi ile kuwa ndio waliojitungia, iliwahesabu watumwa kuwa sehemu 3 kati ya 5 za mtu, si kwa ajili ya kuwapa sauti, bali kwa ajili ya kuwaongezea mabwana zao viti bungeni. Mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, Jaji Mkuu Roger Taney alisema wazi kwamba watu weusi, watumwa au huru, hawakuwa miongoni mwa "watu" waliokusudiwa na Katiba. Wengi humlaani Taney. Mimi naona alikuwa msomaji mwaminifu wa nadharia kama ilivyotumika: aliuangalia mkataba, akatazama sahihi, akasema majina yenu hayamo.

Na Kenya? Sisi tulianza kulipa kodi ya nyumba mwaka 1901. Baraza la Kutunga Sheria lilianza mwaka 1907, na baada ya vita vya kwanza vya dunia walowezi wakapewa haki ya kuchagua wajumbe wao. Kufikia miaka ya 1920 mizani ilikuwa hivi: Wazungu, ambao kwa hesabu ya mwaka 1921 hawakufika 10,000, walikuwa na wajumbe 11 wa kuchaguliwa, Wahindi, waliowazidi kwa idadi zaidi ya mara mbili, walipewa 5, Waarabu 1, nao Waafrika, mamilioni, wakapewa mmishonari Mzungu mmoja wa kuteuliwa na Gavana ili awasemee. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliteuliwa mwaka 1944. Uchaguzi wa kwanza wa Waafrika ulikuwa mwaka 1957, tena si kila mtu aliyeruhusiwa kupiga kura, na wengine walipewa kura zaidi ya moja kwa kadiri ya elimu na mali. Kutoka kodi ya kwanza hadi kura ya kwanza ni miaka 56. Ridhaa ya kimyakimya, ndivyo nilivyomwambia yule bibi!

Hapa sharti tuliongelee Kanisa, maana wasomaji wengi wa kurasa hizi ni waumini. Mmishonari aliyeketi barazani kwa niaba yetu, Daktari John Arthur wa misheni ya Kiskoti, hakuwa mtu katili. Pengine alitupenda. Lakini kukubali kusema kwa niaba ya watu wasiokutuma ni kuitia muhuri ile dhana kwamba wao si watu wazima. Hata hivyo palikuwa na waliokataa. Shemasi Mkuu Walter Owen, huko Nyanza, aliwatetea walipa kodi hata walowezi wakamchukia. Daktari Norman Leys, aliyekuwa tabibu wa serikali hapa nchini, alipeleka Uingereza habari za kuhamishwa kwa Wamaasai, na mwaka 1924 akachapisha kitabu cha kuufichua utawala wa Kenya. Nawataja ili wale wanaosema kwamba kuzungumzia rangi ni kuchochea chuki dhidi ya Wazungu wapate jibu. Mills mwenyewe alipambanua: Mzungu yeyote hunufaika na mkataba ule, apende asipende, lakini si kila Mzungu aliyeutia sahihi.

Na kipande sasa. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa kikamilifu baada ya vita, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika kuanzia umri wa miaka 16 kuchukua karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la kabila lake na maandishi ya mwajiri wake, nayo akaivaa shingoni katika kikopo cha bati. Akiacha kazi bila sahihi ya bwana, alikamatwa. Mzungu hakuvaa. Mnamo Machi 16 mwaka 1922, watu walipokusanyika Nairobi kudai Harry Thuku aachiliwe, kipande na kodi vikiwa miongoni mwa malalamiko yao, walipigwa risasi, na Mary Muthoni Nyanjiru akawa miongoni mwa waliouawa. Yule bibi alisema kweli kuliko nilivyodhani. Kipande ndicho kilichokuwa mkataba wa kijamii wa Mwafrika katika koloni la Kenya. Kilikuwa na kidole chake, na masharti yote yaliandikwa na upande mmoja.

Wataalamu watanijibu kwamba nadharia ya siku hizi imeyapita hayo. Watamtaja John Rawls, Mmarekani aliyeifufua nadharia ya mkataba kwa kitabu chake cha mwaka 1971. Rawls alisema tufikirie watu wakitunga kanuni za jamii wakiwa nyuma ya pazia, bila yeyote kujua atakuwa tajiri au maskini, mwenye akili nyingi au chache. Kanuni watakazokubaliana ndizo za haki. Ni fikra nzuri, nami nimeitumia nikiwafunza vijana. Lakini ajabu ni hii. Kitabu hicho kilitoka miaka 3 tu baada ya kuuawa kwa Martin Luther King, katika nchi iliyokuwa ingali na majivu ya miji iliyoungua, na kurasa zake mia tano na zaidi zinaligusa suala la rangi kwa ncha ya kidole. Rawls aliamua kushughulika na jamii ambayo watu wake wote hutii kanuni za haki. Kwa jamii iliyojengwa juu ya uporaji, kazi ya kuuliza nani arudishiwe nini aliiacha kando.

Ni sawa na tabibu anayeandika kitabu kikubwa juu ya afya, chenye kila kitu isipokuwa magonjwa. Mtu aliyeporwa akija mbele ya pazia hilo, anaambiwa kwanza asahau kwamba aliporwa, kisha ashiriki katika kugawana kwa haki. Mwizi naye anaambiwa asahau. Tofauti ni kwamba pazia likiinuliwa, mmoja wao atajikuta bado ameshika hati ya shamba.

Basi, je, tuitupe nadharia ya mkataba? Wapo vijana wanaonishauri hivyo, wakisema ni mali ya mabeberu. Mimi nakataa. Mills hakuitupa, aliichukua kama taa ya kumulika. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa, aliitumia mwaka 1852 kuwauliza Wamarekani sikukuu yao ya uhuru ilimhusu vipi mtumwa. King, mwaka 1963, aliifananisha ahadi ya waasisi wa Marekani na hati ya deni ambayo nchi ilikuwa imekataa kuilipa watu weusi. Mtu hadai deni kwa kuichana hati. Ninachokataa ni mazoea yetu ya kuzungumza kana kwamba mkataba upo tayari na kosa pekee ni la rais huyu au yule aliyeuvunja. Kwa watu wengi wa nchi hii mkataba haujavunjwa, kwa sababu hawajawahi kuwa upande wa pili wake.

Kuna jibu jepesi ambalo hutolewa na wakubwa wetu: hayo yalikwisha mwaka 1963. Yalikwisha vipi? Katika mazungumzo ya Lancaster House kati ya mwaka 1960 na 1963, bendera ilijadiliwa, majimbo yakajadiliwa, na ulinzi wa mali ukawekwa katika Katiba. Mali ya nani? Ya yule aliyekuwa na hati. Mashamba ya Nyanda za Juu yakanunuliwa kwa mikopo ya Uingereza na Benki ya Dunia, na maskwota waliopewa vipande wakatakiwa kulipia ardhi ambayo wazazi wao walifukuzwa bila senti. Mashamba makubwa yakaenda kwa waliokuwa karibu na meza. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 na ile ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013 zimeeleza kwa kirefu yaliyofuata. Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaotaka kuweka lawama yote kwa Mzungu. Mwafrika aliyekikalia kiti cha mlowezi hakukibadilisha kiti. Aliyaachia masharti yaleyale ya kipande, ila akafuta mstari uliotaja rangi, kisha akatuita ndugu.

Wanaodhani haya ni masimulizi ya kale wakumbuke kesi ya wazee wa Mau Mau. Walipoishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso waliyoyapata kambini katika miaka ya 1950, serikali hiyo ilijitetea kwamba dhima yoyote iliyokuwapo ilihamia kwa serikali ya Kenya siku ya uhuru. Yaani aliyeteswa, kwa kupata uhuru wake, alikuwa pia amerithi deni la mateso yake! Mwaka 2011 jaji wa London aliamua kesi iendelee, na mnamo Juni 6, 2013, Waziri William Hague akasimama bungeni kueleza masikitiko na kutangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Lakini alitamka vilevile kwamba serikali yake haikubali kuwajibika kisheria. Ni miaka 100 kamili tangu hukumu ya Ole Njogo. Mara hii wazee walisikilizwa, na wakalipwa, lakini bado hawakutambuliwa kuwa watu waliovunjiwa haki na yule waliyekuwa chini yake.

Katiba yetu ya mwaka 2010 inaanza kwa sauti ya watu wa Kenya wenyewe, na safari hii tulipiga kura. Imeipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria za ardhi. Nilikuwa mmoja wa waliosherehekea, na kazi hiyo naomba kila parokia yenye watu walioporwa iwasaidie kuandika madai yao, iyahifadhi, iyafuatilie, maana ofisi za serikali hupoteza karatasi za maskini kwa wepesi wa ajabu. Ila kuna kipengele kimoja ambacho wachache hukisoma. Hati zile za miaka 999, kama iliyotolewa mwaka 1915 ambayo ingekwisha mwaka 2914, zikiwa mikononi mwa asiye raia zimepunguzwa kuwa za miaka 99. Ni hatua kubwa. Lakini miaka hiyo 99 haikuhesabiwa tangu siku mwenye ng'ombe alipofukuzwa. Imeanza kuhesabiwa Agosti 27, 2010, na itakwisha mwaka 2109. Nikirudi katika ukumbi ule wa kanisa, na yule bibi akiwa bado hai, ataniuliza ni nani aliyekubali kwamba saa ianze kupigwa upya siku hiyo, naye alitia kidole wapi.